Ada ya dola 800, nyumba ya dola 300,000: kisa cha mnada wa Frisco

Mwaka 2009, kapteni mmoja wa askari wa akiba wa Marekani alikuwa Iraki, akiongoza kikosi cha askari zaidi ya 100 kilichokuwa kikisindikiza misafara ya magari. Mkewe akampigia simu kutoka Frisco, mji ulio kaskazini ya Dallas katika jimbo la Texas, kumpa habari kwamba nyumba yao si yao tena. Ilikwisha kuuzwa mnadani kwa dola 3,201.

Nyumba hiyo ilikuwa na thamani ya dola 300,000 hivi, na haikuwa na mkopo wowote. Hakuna benki iliyokuwa ikiwadai hata senti. Aliyeipeleka mnadani ni chama cha wenye nyumba cha mtaa wao, kile ambacho Marekani nzima hukiita kwa herufi tatu, HOA. Deni lililoanzisha yote hayo ni ada za mtaa, kama dola 800.

Vyombo vya habari vya Marekani vilikitangaza kisa hiki sana mwaka 2010, na tangu hapo husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaomlaumu mama kwa kuacha kufungua barua. Wapo wanaokilaumu chama kwa roho mbaya. Mimi naona pande zote mbili zinapita kando ya jambo lenyewe. Familia ile ilinaswa na mambo mawili yaliyokutana: ada ya mtaa huko haimfuati mtu, inaifuata ardhi, na utaratibu wa kuidai ulikuwa umetengenezwa uende wenyewe kwa posta mpaka mwisho, bila mtu yeyote kulazimika kumwona mdaiwa usoni. Kwa ndugu zetu wa Dallas, Houston, Atlanta au Minneapolis ambao ndiyo kwanza wamekabidhiwa funguo, yafaa kisa hiki kipitiwe polepole. Zaidi ya watu milioni 70 Marekani wanaishi katika mitaa na majengo yenye vyama vya aina hii, na anayenunua nyumba mpya pembezoni mwa miji ya Texas ni nadra kuikuta isiyo na chama.

Mambo yalivyokwenda

Kapteni aliitwa kazini Februari 2008. Alimwacha mkewe na watoto wawili, mmoja akiwa na maradhi mazito ya kifafa. Mama akaingia katika sonona. Akaacha kutazama habari ili asisikie ya Iraki, mlango akawa haufungui mara kwa mara, na barua akawa anaziacha zirundikane. Mumewe alieleza baadaye kwamba pengine aliogopa kukutana na habari mbaya ndani ya bahasha. Mke wa askari aliye vitani hahitaji kufafanuliwa ni habari gani.

Ndani ya rundo lile mlikuwa na barua za chama kuhusu ada, na baada yake notisi za kwamba nyumba itapigwa mnada. Texas wakati huo ilikuwa inaruhusu chama kuuza nyumba bila kwenda mahakamani kabisa, mradi masharti ya hati za mtaa yanakipa uwezo huo. Kilichotakiwa ni notisi kwa barua ya rejesta angalau siku 21 kabla ya mnada, tangazo kubandikwa mahakamani, na nakala kupelekwa kwa karani wa kaunti. Tena sheria ya minada ya jimbo hilo inahesabu kwamba notisi imekamilika pale inapotumbukizwa posta ikiwa na anwani ya mwisho inayojulikana ya mdaiwa. Kama aliisoma au aliitupa, au kama ilikaa dirisha la posta mpaka ikarudishwa, hayo hayamhusu dalali.

Anayeishi huko anaijua barua ya rejesta ilivyo. Mtu wa posta asipokukuta anaacha kikaratasi mlangoni, nawe uende posta na kitambulisho utie sahihi, na kadi ndogo ya kijani irudi kwa aliyetuma ikiwa ushahidi. Watu wengi, wazawa na wageni, wakiona kile kikaratasi hudhani ni wadai wa kadi za mkopo na kukipuuza. Ni kosa la ghali, kwa sababu karibu kila hatua kubwa inayohusu nyumba hupitia hapo.

Minada ya nyumba Texas hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi. Siku ya nyumba ile ilipowadia, mnunuzi akatoa dola 3,201 akaondoka nayo, na baadaye akamuuzia mwingine kwa dola 135,000. Hivyo kapteni aliporejea mwaka huo alikuwa anadai nyumba iliyokwisha kupita mikono miwili. Familia ikafungua kesi. Nguvu yao kubwa ilikuwa sheria ya shirikisho ya mwaka 2003 inayowalinda wanajeshi walio kazini dhidi ya hukumu na minada wasiyoweza kuja kujitetea. Mwaka 2010 pande zote zikapatana, nyumba ikarudi kwa wenyewe, na masharti ya suluhu yakabaki siri. Maana yake ni kwamba hakuna hukumu ya jaji inayosema nani alikosea wapi. Na ule mlango wa kutokea ulikuwa wa mwanajeshi peke yake. Mwalimu, muuguzi au dereva wa lori aliyefikwa na yaleyale asingekuwa nao.

Uanachama ambao hakuna anayeuomba

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam atauliza: si wangejitoa tu katika chama? Hapo ndipo tofauti ilipo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 36, inasema mtu hatashurutishwa kujiunga na chama cha aina yoyote, na vyama vingi vya wakazi wa mitaa huku kwetu huishi kwa kubembeleza. Ada ya ulinzi na taka hudaiwa mlango kwa mlango, na asiyelipa huona jina lake kwenye kundi la WhatsApp, basi. Tunakaribia mfumo wa Marekani katika majengo ya ghorofa tu. Kenya kwa sheria ya mwaka 2020 na Tanzania kwa sheria ya mwaka 2008, zote kuhusu kumiliki sehemu ya jengo, mwenye fleti anaingia katika umoja wa wenye sehemu kwa kule kuimiliki kwake, maana paa na ngazi na lifti ni vya wote.

Texas hali hiyo imeenezwa hadi kwenye nyumba ya peke yake, yenye ua wake na paa lake. Mjenzi anaponunua shamba la kukata viwanja, kabla hajauza hata kimoja, huandikisha kwa karani wa kaunti hati ndefu ya masharti: kila atakayemiliki kiwanja humu ni mwanachama, atalipa ada, na ada isipolipwa kiwanja chenyewe ni dhamana. Watakaonunua baadaye, hata wa kumi, wanaingia ndani ya ahadi iliyotolewa kabla hawajafika. Sahihi yako kwenye hati ya kununua ndiyo fomu ya kujiunga. Wakala wako wa nyumba anapaswa kukupa karatasi inayosema wazi kwamba mali hii ina chama cha lazima, na sheria ya mali ya Texas inataka muuzaji amwarifu mnunuzi kwa maandishi kwamba kutolipa kunaweza kuishia nyumba kuuzwa. Karatasi hiyo huja siku ya sahihi nyingi, katikati ya kitita kinene, mtu akifikiria gari la kuhamisha vitu.

Wazo hili ni la zamani kuliko mitaa ya Texas. Kesi ambayo wanasheria wa Marekani huianzia ni ya Neponsit, mtaa wa ufukweni huko Queens, New York, iliyoamuliwa mwaka 1938. Ada iliyobishaniwa haikuzidi dola 4 kwa kiwanja kwa mwaka, ya kutunza barabara, bustani na ufukwe, na aliyegoma kuilipa alikuwa benki iliyonunua kiwanja kwenye mnada wa mahakama. Mahakama ilisema ahadi ya kulipa inakwenda na ardhi, na chama kinaweza kuidai ingawa chenyewe hakimiliki kiwanja hata kimoja. Kwa dola 4 zile ukajengwa msingi wa mambo yote yaliyofuata.

Swali la makazi ya familia

Mtu anayeijua Texas atakuwa na swali gumu zaidi. Jimbo hilo linajivunia kuwa na ulinzi mkali wa makazi ya familia, tena umeandikwa katika katiba yake. Mdai wa kadi ya mkopo, hospitali, hata aliyekushinda mahakamani kwa deni la kawaida, hawezi kuiuza nyumba unayoishi. Sasa chama cha mtaa kinapitaje?

Jibu lilitolewa na Mahakama Kuu Zaidi ya Texas mwaka 1987 katika kesi ya chama cha Inwood North cha Houston. Majaji walisema ulinzi wa makazi huanza pale familia inapoipata nyumba na kuifanya makazi. Dhamana ya ada ilikuwa imekwisha kutangulia, kwa sababu iliandikwa kwenye masharti ya ardhi kabla ya familia kununua. Kilichotangulia hakiondolewi na kilichofuata. Mahakama hiyohiyo ilikiri kwamba dawa hii ni kali, hasa ukiweka deni dogo upande mmoja na makazi ya watu upande wa pili, lakini ikaona haina la kufanya.

Kwa mantiki ya sheria hoja hiyo imekaa sawa. Kwa mantiki ya maisha, inaleta jambo la ajabu: mdai wa dola 50,000 za hospitali anazuiwa mlangoni, wa dola 800 za kukata nyasi za bustani ya mtaa anaingia. Mtu aliyehamia Texas akiambiwa kila siku kwamba nyumba yako hapa haiguswi, hawezi kuotea hilo. Na ndilo la kwanza ambalo ningependa kila mnunuzi aambiwe na wakala wake kabla ya habari za shule nzuri.

Kwa nini dola 3,201

Bei hiyo huwashangaza watu kuliko jambo jingine lolote katika kisa hiki, ilhali ina maelezo yake. Kwa kawaida nyumba inayouzwa na chama ina mkopo wa benki, na dhamana ya benki ndiyo ya kwanza. Anayenunua kwenye mnada wa chama anainunua pamoja na mzigo huo: akitoa dola elfu chache, bado benki iko nyuma yake inadai laki mbili. Juu ya hapo, mwenye nyumba ana muda wa kuikomboa. Kwa hiyo wanunuzi ni wachache, ni wazoefu, na hutoa kidogo, wakicheza bahati. Familia ya Frisco ilikuwa imeimaliza nyumba yao. Ule usafi wa hati, ambao kwetu ndiyo fahari ya mtu aliyejenga bila deni, ndio uliogeuza nyumba kuwa zawadi kwa aliyefika mnadani siku hiyo.

Nao upande wa chama ulipata nini? Kisheria chama kinachukua stahili yake tu: ada, riba na gharama za mawakili. Ziada, ikiwapo, ni ya mwenye nyumba iliyouzwa. Majirani wa mtaa ule hawakupata bwawa jipya la kuogelea kutokana na mnada. Waliopata ni mawakili, kwa sababu kila barua wanayoandika huongezwa kwenye deni la mdaiwa, na mnunuzi. Hapa ndipo hukumu yangu ilipo. Chama chenye dhamana juu ya nyumba isiyo na mkopo kiko salama kuliko benki yoyote: siku nyumba itakapouzwa, iwe mwaka kesho au baada ya miaka 10, italipwa kwanza ada na riba yake ndipo mwenyewe apate chake. Hakuna hasara iliyokuwa ikikinyemelea. Mnada ulikuwa njia ya kuliondoa faili mezani.

Kule kwetu balozi wa nyumba kumi angekuwa na makosa yake mengi, ya umbeya yakiwa mbele, lakini angejua kwamba baba wa nyumba ile yuko vitani na mtoto ni mgonjwa. Bodi ya chama ni majirani wa kujitolea, wanakutana mara chache, na kazi ya kila siku wanampa kampuni ya usimamizi, kampuni inampa wakili, wakili ana programu ya kutoa barua kwa tarehe. Kufikia hapo hakuna tena jirani katika mlolongo huo.

Houston walikuwa wameshaliona

Texas haikuwa inakutana na jambo hili mara ya kwanza. Mwaka 2001 mjane mwenye umri wa zaidi ya miaka 80 huko Houston alipigiwa mnada nyumba yake ya dola 150,000 kwa sababu ya ada za dola 800 na kitu. Nyumba ilinunuliwa mnadani kwa dola 5,000. Kelele zilikuwa kubwa, mama akarudishiwa nyumba kwa suluhu, na bunge la jimbo likapitisha sura ya 209 ya sheria ya mali, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2002. Sura hiyo ilikataza kuuza nyumba kwa faini peke yake, yaani ukitozwa kwa kuacha pipa la taka barabarani au kupaka ukuta rangi isiyoruhusiwa, faini hiyo na gharama za wakili zinazotokana nayo haziwezi kuifikisha nyumba mnadani. Pia ilimpa mwenye nyumba siku 180 za kuikomboa baada ya mnada, akilipa anachodaiwa na chama pamoja na alichotoa mnunuzi na gharama zake.

Sasa rudi Frisco ukiwa na hesabu hiyo. Sura ya 209 ilikuwepo tayari. Familia ile ingeweza kuirudisha nyumba ya dola 300,000 kwa dola elfu chache, bila kumbembeleza mtu, ndani ya miezi sita. Haki hiyo ilikuwa yao, imeandikwa. Lakini taarifa ya kwamba una haki ya kukomboa, chama kinapaswa kuituma ndani ya siku 30 baada ya mnada, kwa njia gani? Barua ya rejesta. Na siku 180 zinaanza kuhesabiwa tangu barua hiyo ilipotumwa. Bunge lilitengeneza dawa nzuri, likaifungia ndani ya bahasha ileile ambayo mgonjwa alikuwa hawezi kuifungua.

Marekebisho ya 2011, na yalipofika

Baada ya Frisco bunge la Texas lilirudi mezani, na mabadiliko mengi yakaanza Januari 1, 2012. Kubwa ni kwamba chama hakiwezi tena kuuza nyumba kwa ada bila amri ya mahakama, isipokuwa mwenye nyumba mwenyewe akubali kwa maandishi. Vyama vya viwanja zaidi ya 14 vilitakiwa kuwa na mpango wa kulipa kidogo kidogo, usiopungua miezi 3. Chama hakilazimiki kukupa zaidi ya miezi 18, wala kukupa mpango mwingine ikiwa ndani ya miaka 2 iliyopita ulikubaliana ukavunja. Mikutano ya bodi ikatakiwa iwe wazi kwa wanachama. Na masharti yaliyokuwa yakimnyima kura mwanachama mwenye deni yakafutwa.

Kuna badiliko moja ambalo halikupigiwa makofi, nami naliona la maana kuliko wengi wanavyodhani: mpangilio wa malipo. Zamani ukituma dola 200 kwa nia ya kupunguza ada, zingeweza kumegwa kwanza na mawakili na faini, ada ikabaki palepale, na kwa sababu ada ndiyo inayobeba mnada, ukawa unalipa kila mwezi huku nyumba inazidi kukaribia kuuzwa. Sasa sheria inataka fedha ziende kwanza kwenye ada za nyuma, kisha ada ya sasa, ndipo gharama za wakili, na faini baada ya hapo. Anayeshika mpango wa malipo analindwa na utaratibu huo. Anayeuvunja anaweza kuupoteza.

Je, Frisco ingetokea leo? Jibu la haraka ni hapana, kwa kuwa jaji angeiona hati ya kiapo kuhusu utumishi wa kijeshi. Kwa familia isiyo ya kijeshi, sina uhakika huo. Amri inayotakiwa hupatikana kwa utaratibu wa haraka chini ya kanuni ya 736 ya mahakama za Texas. Wito wake hutumwa na karani wa mahakama kwa posta, ya kawaida na ya rejesta, na asiyejibu kwa wakati amri inaweza kutolewa bila kikao. Mama yule aliyeacha kufungua barua angekuwa na bahasha mbili zaidi katika rundo lake. Kinachoongezeka ni jicho la hakimu juu ya karatasi za chama, na hilo si dogo, maana chama chenye hesabu zisizoeleweka hukwama hapo.

Uwezo mwingine ambao wanachama wengi hawajui wanao: masharti yanayokipa chama nguvu ya kuuza nyumba yanaweza kuondolewa na wenye nyumba wenyewe. Wenye angalau asilimia 10 ya kura wanaweza kudai mkutano maalumu wa jambo hilo, na asilimia 67 ya kura zote zinatosha kuifuta nguvu hiyo hata kama hati ya mtaa inasema vingine. Asilimia 67 ya watu wasiohudhuria mikutano si kazi ndogo, lakini mtaa ambao majirani wanafahamiana unaweza.

Linavyotugusa

Mtu wetu aliyenunua nyumba kwa mkopo huzoea kwamba kodi ya ardhi na bima hulipwa na benki kutoka katika marejesho yake ya mwezi. Anadhani ada ya chama imo. Mara nyingi haimo. Inakuja peke yake, mara moja au mbili kwa mwaka, au kila mwezi, kutoka kwa kampuni ambayo jina lake halifanani na la mtaa, na kwa sababu ni ndogo inasahaulika. Kampuni ya usimamizi ikibadilishwa, akaunti uliyokuwa ukilipia hufungwa, na malipo ya moja kwa moja uliyoyapanga yanaweza kugonga mwamba bila wewe kujua.

Hatari kubwa zaidi ni safari. Wapo wanaorudi Kenya, Tanzania au Kongo kwa miezi kadhaa kuuguza mzazi au kusimamia ujenzi, na wapo waliopangisha nyumba ya Texas wakahamia jimbo jingine. Notisi inakwenda kwenye anwani iliyo katika kumbukumbu za chama. Usipoiarifu kampuni kwa maandishi kwamba anwani yako ya posta ni nyingine, mpangaji wako ndiye atakayekuwa anatupa bahasha zako. Mpe ndugu unayemwamini mamlaka ya kisheria ya kukuwakilisha, na ufunguo wa sanduku la barua. Shemeji anayepita "kuangalia nyumba" Jumapili hatoshi asipokuwa na ruhusa ya kufungua barua na kulipa.

Kanuni nyingine nazo zinatukuta kwa namna yetu. Wengi wetu ni madereva wa malori, na karibu kila hati ya mtaa inakataza kichwa cha lori kulala mbele ya nyumba. Ukipata msiba, magari 30 yanajipanga barabarani siku tatu mfululizo, na barua ya onyo inafuata. Hayo ni ya faini, na faini kama tulivyoona haiuzi nyumba. Ila hujumlishwa kwenye taarifa moja ya deni pamoja na ada, na mtu aliyekasirishwa na faini ya msiba huamua kugoma kulipa chochote. Huko ndiko kujichimbia. Lipa ada kwanza, kwa maandishi kwamba ni ada, halafu gombana na faini: unayo haki ya kuomba kusikilizwa na bodi, nayo bodi inapaswa kukupa nafasi hiyo kabla faini haijakaa.

Kabla ya kununua, itake taarifa ya chama ambayo muuzaji anaweza kuiagiza: ina ada ya sasa, madeni ya nyumba, tozo maalumu zilizokwisha kupitishwa, akiba iliyopo na kesi zinazokikabili chama. Soma hasa akiba. Chama chenye bwawa, ukuta mrefu na akiba kiduchu kitakuja na tozo maalumu, na tozo hiyo nayo inabeba dhamana ileile.

Na kama mambo yamefika mbali, amri ya haraka imekwisha kutoka au mnada umetangazwa, bado kuna kitendo kimoja kinachosimamisha: kufungua kesi yako mwenyewe katika mahakama yenye mamlaka, ukiupinga uhalali wa dai. Kanuni ya 736 inasema kesi hiyo, ikifunguliwa kabla ya saa 11 jioni ya Jumatatu inayotangulia mnada, inausimamisha pale pale, na ni juu yako au wakili wako kuhakikisha dalali na wakili wa chama wameipata taarifa kabla ya Jumanne asubuhi. Familia ya Frisco ilikuja kujua baada ya nyundo kupigwa, na hapo kilichobaki kwa asiye mwanajeshi ni siku 180 za kukomboa. Hesabu yake huanzia tarehe ya kutumwa kwa barua, kwa hiyo anayegundua amechelewa aombe kwanza nakala ya barua hiyo na ushahidi wa posta: ikiwa haikutumwa inavyotakiwa, wakili wake ana pa kuanzia.